Mwaka wa Picha Nzuri

Tulimzika mama yangu kwetu Zuzu, siku ya jua kali, udongo mgumu kiasi kwamba vijana walipokezana sururu tangu asubuhi. Mchungaji alipofika kwenye wasifu wa marehemu alisema mama alikuwa mwanamke wa imani, akatoa mfano. Mwanawe Lameki alipigwa na kiharusi akiwa bado kijana, hakuweza kutamka hata jina lake, mama akaomba, madaktari wakalitoa bonge la damu kichwani, na leo huyo hapo, mzima kabisa. Watu wote waliokuwa chini ya turubai wakanigeukia, na wengine wakanipungia mkono. Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, nikafanya ninachofanya siku zote mtu anaponitaja hadharani: nikatabasamu na kuinamisha kichwa. Wanaonifahamu siku hizi huniona mtu mpole, asiye na maneno mengi. Hawajui kwamba kila neno ninalolitoa nimelitafuta kwanza. Mchungaji naye anaikumbuka habari yangu kama alivyoihubiri mwaka ule, hajawahi kuuliza tena. Niliona aibu pale msibani, aibu ileile, nikashangaa kwamba haijazeeka hata kidogo. Ndiyo maana nimeamua kuuandika mwaka huo mwenyewe, asubuhi asubuhi, kabla watu hawajaamka. Karatasi haichoki kusubiri.

Kabla ya hapo nilikuwa dalali wa mnada wa mifugo. Nilizunguka minada ya Dodoma yote, na Chemba ndiko nilikopendwa zaidi, maana wafugaji wa kule wanapenda dalali mwenye utani. Nilijua kumsifia ng'ombe mpaka mwenye ng'ombe akajuta kumuuza. Nilikuwa na maringo, sitakataa. Niliamini mdomo wangu ni mali kuliko mifugo yote iliyosimama uwanjani. Lakini kazi ya dalali haianzii mdomoni, inaanzia machoni. Mnyama akiingia uwanjani unamtazama nyonga, unamtazama mgongo, unatazama anavyokanyaga, na kabla hajafika katikati umeshajua atakwenda kwa nani na atachinjwa au atafugwa. Nilikosea mara chache. Mara nyingi nilikosea kwa wale waliolambishwa chumvi usiku wa kuamkia mnada, wakanywa maji mpaka tumbo likajaa, wakaonekana wanono. Ukimtazama mnyama wa namna hiyo unaona unachooneshwa. Nayasema haya kwa sababu mwaka ule nilitazamwa mimi, tena kwa mashine zinazoona ndani ya fuvu, nikatabiriwa.

Nilikuwa nimepanga chumba Kizota, pale Dodoma mjini, ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea vyuma. Mama alikuwa amekuja kunitembelea, amebeba karanga na mboga ya mlenda iliyokaushwa kwenye kifurushi, na asubuhi ile alikuwa amenimiminia chai. Niliona kikombe kiko sakafuni na chai inatambaa kuelekea kitandani, nikajiuliza nani amekiangusha. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala mezani tu. Mama akasema, "Lameki, nini?" Nilitaka kusema kikombe kimeanguka. Nililijua neno kikombe, nililiona, lakini mdomo haukuwa na habari nalo. Mama akatoka nje akapiga yowe, na Hamisi, fundi wa karakana, akaacha alichokuwa anachomelea, akanibeba mgongoni mpaka kwenye pikapu yake, juu ya madirisha ya chuma ambayo hakupata muda wa kuyashusha. Baadaye niliambiwa kwamba haraka hiyo ndiyo iliyoniokoa. Hamisi mwenyewe alilalamika tu kwamba nilimpindia dirisha la mteja.

Hospitali kubwa ya mjini naikumbuka kwa vipande. Taa ndefu za dari. Sauti ya mtu anauliza, "Alianza saa ngapi?" na mama anajibu, "Tulikuwa tunakunywa chai," na yule mtu anauliza tena, na mama anajibu vilevile, kwa sauti ya juu zaidi. Nilipigwa picha ya kichwa, kisha dawa ikapitishwa mshipani nikahisi joto mwili mzima, nikapigwa tena. Wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaupandisha mpaka kichwani, wakalivuta bonge la damu lililokuwa limeziba. Lilitoka moyoni, kwenye valvu yangu mbovu ambayo sikuwahi kujua kwamba ni mbovu. Kesho yake walinipiga picha nyingine, na daktari mmoja, binti kijana, Dokta Nuru, akaja na kompyuta mkononi, akaiweka kwenye meza ya chakula cha wagonjwa, akasogeza sahani ya wali kando. Akatuonesha. Sehemu iliyokufa ilikuwa ndogo, upande wa kushoto, kama punje ya hindi. Sehemu kubwa iliyokuwa inakufa njaa ilikuwa imepata damu tena. Alieleza kwamba wanawafuatilia wote wanaotolewa bonge, wanajaribu kujua kutoka kwenye picha nani atajitegemea baada ya miezi mitatu na nani atahitaji kuangaliwa. "Kwa picha hii," alisema, "tunategemea mgonjwa wetu atatembea, atakula mwenyewe, atavaa mwenyewe. Lakini mama, hii si ahadi. Picha inatupa matumaini tu." Mama akashika mikono ya daktari kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante mwanangu. Picha ni nzuri." Katika yote yaliyosemwa pale, maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo aliyotoka nayo.

Kitanda cha pili alilala Mzee Ramji, mwenye duka la vitambaa mjini. Yeye naye alitolewa bonge, siku moja kabla yangu, lakini alichelewa kufikishwa. Wanawe waliitwa koridoni, na mlango wa wodi ulikuwa haufungi vizuri. Nilimsikia Dokta Nuru anawaambia sehemu iliyokufa ni pana, picha si nzuri, wajiandae kwamba huenda mzee atahitaji mtu wa kumhudumia. Mmoja wa wale vijana akauliza kama mzee ataweza kurudi dukani. Nilikuwa nimelala pale, siwezi kutaja jina langu mwenyewe, na unajua nilihisi nini? Nilijiona mshindi. Nilimtazama yule mzee, mdomo umepinda upande, udenda unadondoka kwenye shuka, nikampima kama nilivyowapima ng'ombe wa Chemba, nikasema moyoni huyu basi. Sikumtendea neno baya, sikumsemea chochote, nisingeweza hata kama ningetaka. Lakini najua nilichokiwaza.

Mama alinihamishia kwake Zuzu. Mwili ulifuata picha kama ulivyoamriwa. Mguu ulirudi kwanza, kisha bega, kisha vidole kimoja kimoja. Nilikula ugali wa uwele kwa mkono wa kushoto, halafu wa kulia, mlenda ukinichuruzika kwenye kiwiko, mama akijifanya haoni. Nilijifunza kufunga vifungo vya shati. Ila maneno hayakuja. Nilielewa kila kilichosemwa, lakini nikifungua mdomo linatoka neno moja au mawili, mara nyingi siyo niliyoyataka. Wageni walikuja kutwa. "Mbukwa!" wanaita salamu ya Kigogo kutoka uani, wanakaa kwenye mkeka, wanauliza hali, na mama anajibu kabla sijavuta pumzi: "Anaendelea vizuri mno, picha yake nzuri sana, daktari mwenyewe alitushangilia." Wote wakaijua picha yangu. Watu ambao hawajawahi kuona kompyuta karibu waliisifia. Na kadiri siku zilivyokwenda, picha ileile iliyonifariji ikaanza kunishitaki. Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba naosha miguu, nikamsikia mjomba anaongea na mtu njiani. "Kichwa hakina shida, picha imeonesha," alisema. "Anadeka tu. Mama yake anamlea kama mtoto mchanga, na yeye keshaonja." Nilimwaga maji yaliyobaki taratibu ili wasijue nipo. Kama ningekuwa na picha mbaya, watu wangenihurumia na kuniacha. Mimi nilikuwa na picha nzuri, na kwa hiyo kosa lilikuwa langu.

Kilichowadanganya wote, na mimi mwenyewe kidogo, ni wimbo. Jumapili moja mama alinipeleka kanisani, na wimbo ulipoanza, wimbo niliouimba tangu utotoni, nikausikia mdomo wangu unaimba. Maneno yote, beti zote, bila kukwama. Mama aliacha kuimba akanitazama. Machozi yakamtoka, akainua mikono juu, na kina mama wa mstari wetu wakapiga vigelegele katikati ya ubeti. Sikujua wakati ule kwamba nyimbo zinakaa mahali pengine kichwani. Dokta Nuru alikuja kunieleza baadaye kwamba mtu anaweza kuimba beti nne na akashindwa kuomba maji. Lakini pale kanisani nani angejua hilo? Mama alikwenda kwa Mchungaji siku hiyohiyo, akaandikisha ibada ya shukrani kwa Jumapili iliyofuata.

Wanaosali makanisa yetu ya huku wanajua sadaka zinavyokuwa. Si wote wana fedha. Mmoja analeta mayai, mwingine debe la mtama, mwingine kuku, na ibada ikiisha watu wanatoka nje na vitu vinanadiwa hapo mlangoni. Kwa miaka kadhaa aliyenadi nilikuwa mimi kila nilipokuwapo. Watu walibaki kwa ajili ya utani wangu tu. Jumapili ile ya shukrani mama alileta jogoo mwekundu, mkubwa, amemfunga miguu kwa kitambaa safi. Nilisimama madhabahuni karibu naye, akatoa ushuhuda, nikaimba tena, wakashangilia. Ningeishia hapo ningekuwa nimeponea. Lakini tulipotoka nje, mzee wa kanisa alimchukua yule jogoo, akaninyooshea, akasema kwa sauti kubwa, "Mwenye mnada karudi! Jogoo wa shukrani anadiwe na aliyeponywa!" Watu wakapiga makofi wakatengeneza duara. Mama alikuwa mbele kabisa, kanga mpya, uso unang'aa. Nikampokea jogoo.

Mtu akaita, "Elfu tano!" Nilipaswa kuirudia na kuomba sita. Nilifungua mdomo nikasema, "Moja." Wakacheka. Nikasema, "Mbili. Tatu." Wakacheka zaidi, wakidhani ndio utani wangu mpya, dalali anayeanza kumnadi jogoo kwa shilingi moja. Mtu akaita, "Elfu sita, baba, usituchezee!" Nikaendelea, nne, tano, sita, saba, maana zile zilikuwa zinatoka zenyewe kwa mfuatano kama wimbo, na nikijaribu kuziacha hakuna kingine kilichokuja. Nilifika kumi. Nikaanza tena moja. Hapo kicheko kikapungua upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka nikabaki nahesabu peke yangu na jogoo ananipiga mabawa kifuani. Nilimwona msichana mmoja wa kwaya anaziba mdomo. Halafu likaja jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nafumba macho. Watu wakaanza kupandisha bei wenyewe. Hakuna aliyewaongoza. Mmoja alisema elfu kumi kwa sauti ya chini, mwingine kumi na mbili, mwingine kumi na tano, kwa haraka, bila kunitazama, kama watu wanaosaidia kubeba maiti. Jogoo alifika bei ya mbuzi. Mimi niliyekuwa napandisha bei kwa ulimi wangu, sasa inapandishwa kwa huruma. Mzee wa kanisa akamchukua kuku mikononi mwangu taratibu, akasema, "Bwana asifiwe," na wote wakaitikia. Tukarudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Njia nzima hakunigeukia.

Siku chache baadaye ilifika miezi mitatu, tukaenda kliniki. Kwenye benchi la kusubiri nilimkuta Mzee Ramji, amesimama. Ana fimbo, mguu unaburuza, lakini amesimama, na anamsalimia kila anayepita. Akaniona. "Kijana wa kitanda cha jirani!" alisema, maneno yanavutika lakini yote yapo. "Hujambo? Mimi wanangu wamenirudisha dukani, wananiweka kwenye kiti, mimi nagombana na wateja tu." Akacheka. Nilitaka kumpa shikamoo. Shikamoo tu, neno ambalo mtoto wa miaka miwili analo. Nilitikisa kichwa juu chini mpaka mzee akaona haya kwa niaba yangu, akampigapiga mama begani. Kama ningeweza kuingia chini ya lile benchi ningeingia.

Ndani, Dokta Nuru aliuliza maswali yake. Anatembea mwenyewe? Mama akajibu, ndiyo dokta. Anakula mwenyewe? Anaoga? Anavaa? Ndiyo, ndiyo. Yote yalikuwa kweli. "Na kuongea?" Mama akasema, "Anaimba, dokta! Kanisa zima lilisimama. Amerudi hata kwenye mnada, Jumapili alinadi." Daktari akanitazama kwa furaha. "Kweli, Lameki?" Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa na sekunde chache za kukataa, na sekunde chache hazikunitosha. Akamgeukia mwenzake aliyekaa kando, akasema kwa furaha ya kitaalamu, "Unaona? Kama picha ilivyosema." Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Mgonjwa wake aliingia kwa miguu yake, mama wa mgonjwa anasifu. Na mama naye, angemwambiaje binti aliyemwokolea mwanawe kwamba kazi yake haikutimia? Kwetu mtu hatendi hivyo. Ukipewa chakula hutangazi kwamba hakina chumvi.

Mwaka uliobaki niliuishi kwa kujificha. Nilikwenda mnadani mara mbili, nikasimama nyuma ya malori ya kupakia ng'ombe, nikasikiliza kijana mwingine ananadi. Alikuwa anaharakisha sana na hakujua kumsifia mnyama. Nilitamani kumsahihisha mpaka shingo ikaniuma. Nyumbani nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu kwa sababu ndiyo ilikuwa inakuja kirahisi, na kwa njia hiyo nilikula vyakula nisivyovitaka na nikavaa mashati niliyochaguliwa. Nilijifunza kulala mapema wageni wakija. Usifikiri mama alikuwa mkatili. Alinipenda, na kila nilipokwama alinimalizia sentensi, na mara nyingi aliimalizia vibaya, nami nikaitikia.

Mwaka ulipotimia tulirudi kwa Dokta Nuru. Alikuwa na wenzake wawili, na alikuwa ameiweka picha yangu kwenye kioo cha kompyuta tayari, ile ya kwanza na ya pili, bega kwa bega. "Habari za Lameki?" aliuliza, na mama akaanza, "Mzima kabisa, dokta, tunamshukuru..." Nikaweka mkono wangu juu ya goti la mama. Sijui nguvu hiyo niliitoa wapi. Labda nilikuwa nimechoka tu. Nikanyoosha kidole kwenye ile punje kwenye picha. "Si," nikasema. Mama akavuta pumzi kutaka kunisaidia, nikalibana goti lake. "Si... japona." Dokta Nuru alisogeza kiti, akakaa uso wangu na uso wake sawa, akasema, "Nasubiri. Sina haraka." Ilichukua muda mrefu. Nilimpa neno mnada, nikampa neno jogoo, nikahesabu moja mpaka kumi ili aone, na jasho lilikuwa linanitiririka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Picha ilituambia utatembea na kula na kuvaa. Hayo ndiyo tuliyoiuliza. Hatukuiuliza kuhusu mnada." Akaitazama ile punje muda kidogo. "Ni ndogo, lakini imekaa pabaya. Nilipaswa kukuuliza wewe." Akatuelekeza kwa mwenzake anayefundisha watu kusema upya, na ndiye niliyekwenda kwake miaka miwili mizima, ndiye aliyenirudishia hiki kidogo nilicho nacho.

Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Mama alikuwa amekasirika. "Umemwaibisha binti wa watu," alisema, bila kunitazama. "Mbele ya wenzake." Nikasema, "Mama. Uli... jua?" Akafungua pindo la kanga, akalifunga tena. "Mimi ndiye niliyekufundisha kusema," alisema. "Ningekosaje kujua? Nilijua tangu wodini." Nikamuuliza, "Kwa nini?" Swali fupi, lakini alilielewa lote. "Nilikuwa nakusitiri," alisema. Akaanza kulia, mdomo umefungwa. Mwaka mzima niliona aibu nikiamini kwamba nimemficha hali yangu, naye mwaka mzima alikuwa ananificha watu wasinione, na kila alivyonificha ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mimi ni kitu cha kufichwa. Nilitafuta maneno ya kumwambia hivyo. Nilipata mawili. "Basi, mama."

Mwanamke mmoja wa Zuzu, jirani yetu, akatokea ukumbini na chupa ya chai mkononi, alikuwa na mgonjwa wake ghorofa ya juu. Akatuona akaja. Akamsalimia mama, mama akafuta uso haraka kwa kanga. "Na huyu mgonjwa wako anaendeleaje?" jirani akauliza, akimtazama mama kama wote walivyozoea. Mama akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akanigeukia, akaweka mikono mapajani. Jirani naye akanigeukia, hajui kinachoendelea, amesimama na chupa yake. Watu walipita. Mama hakunimalizia.

"Bado," nikasema.

Jirani akamtazama mama. "Bado," mama akasema, akasogea akampa nafasi akae.